Asubuhi Mama Alipoichambua Nyumba

Mteja akiniomba nimpunguzie bei wakati simenti imeshapakiwa kwenye pikapu na injini inanguruma, huwa simjibu mara moja. Naangalia risiti, naangalia barabara, halafu nasema simenti inaweza kushuka kama ilivyopanda. Mume wangu anasema sauti hiyo anaitambua hata akiwa ng'ambo ya barabara. Nina miaka kumi na tisa kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kericho, na ninajua kwamba anayeomba punguzo dakika ya mwisho anataka tu kuona kama utatetemeka. Mimi sitetemeki. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na ninazitunza vizuri.

Kwa hiyo mama aliposema anauza nyumba yake ya Kapsoit, nilijiteua mwenyewe kuwa msimamizi wa mauzo. Hakuna aliyenipigia kura. Ndugu zangu wawili wanaishi mbali, nao walikubali haraka sana, kwa furaha ya watu waliopata mtu wa kugombana kwa niaba yao.

Sababu ya kuuza ilikuwa moja. Mama ana dada mmoja tu aliyebaki hai, mkubwa wake kwa miaka mitatu, naye anaishi Sigor, huko Chepalungu. Macho yake yalikuwa yanakwenda. Daktari alikuwa ameeleza kwamba hayatarudi, na hakuna aliyejua yamebakiza muda gani. Waliolewa kila mmoja upande wake wakiwa wasichana, na kwa zaidi ya miaka hamsini wakawa wanaonana kwenye harusi na matanga. Sasa jirani wa dada yake alikuwa anauza kipande cha shamba kilichopakana na boma lake. Huyo jirani alimwahidi mama kwamba angekishika mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo angemwuzia mtu mwingine ambaye pesa zake zilikuwa tayari.

"Nataka nifike huko akiwa bado ananiona," mama aliniambia.

Hakusema zaidi ya hapo. Lakini nilielewa hesabu yote: nyumba ya Kapsoit ikiuzwa kwa bei yake na kwa wakati, shamba la Sigor linapatikana na nyumba ndogo inajengwa. Isipouzwa, au ikiuzwa kwa bei ya kutupa, dada mmoja atabaki Kapsoit na mwingine ataingia gizani peke yake Sigor.

Mama alichukua wiki mbili kupanga bei. Sikuelewa kwa nini. Mimi ningeipanga nikiwa nimesimama. Yeye alimwita fundi mzee wa huko huko akazunguka naye nyumba nzima, akauliza ploti za nyuma ya senta ziliuzwa vipi, akakaa, akafikiri, akapika, akakamua ng'ombe, akafikiri tena. Kisha akanipigia simu.

"Milioni tatu na laki nne."

"Sawa. Kwa hivyo tutangaze tatu na laki saba," nikasema.

"Kwa nini saba?"

"Ndio wakiomba kupunguziwa tuwe na nafasi, mama. Kila mtu huomba."

"Achicha," akasema, na hilo kwa Kikipsigis ni hapana isiyo na mlango wa nyuma. "Bei ni hiyo nimesema."

Nikamjibu sawa, mama. Halafu nikakata simu, nikatangaza milioni tatu na laki saba.

Nilijiambia kwamba mama hajui soko. Mama alikuwa mtu wa majani chai. Alichuna majani kwenye shamba letu la upande wa Ainamoi kwa miaka arobaini, mpaka baba alipofariki na shamba likagawiwa kaka zangu, naye akabaki na nyumba na robo ekari yake. Mtu wa majani hapangi bei. Bei hupangwa huko mbali, bonasi ikija nzuri unashukuru, ikija mbaya unanung'unika kanisani. Angejuaje mambo ya kuvutana?

Nilichosahau ni ile meza. Kwenye kila kituo cha kununulia majani huku kwetu kuna meza ndefu, na kabla karani hajapima mzigo wako, unaumwaga juu ya meza hiyo mbele yake na mbele ya majirani. Kinachotakiwa ni majani mawili na kichipukizi. Ukiwa umechuna jani gumu, kijiti, au jani lililoungua kwa jua kwa sababu ulichelewa, vyote vitaonekana pale. Wengi humwaga wakisali karani asiangalie sana. Mama alikuwa akichambua mzigo wake shambani kabla ya kutoka, halafu akifika mezani anauchambua tena, polepole, anautawanya kwa viganja viwili, anatoa jani baya yeye mwenyewe na kulitupa chini kabla ya mtu yeyote kulinyooshea kidole. Wenzake walimcheka kwamba anajiibia kilo. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna karani aliyewahi kumrudishia mzigo, na karani alipokata kilo yake moja ya uzito wa gunia, kama anavyomkata kila mtu, mama hakubishana kamwe. Akikata mbili, alibishana hadi kituo kizima kinyamaze.

Mnunuzi alipatikana baada ya siku tano. Alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, mtu wa makamo, ambaye wazazi wake walitoka upande wa Murang'a wakafungua kinu cha kusaga mahindi pale Kapsoit kabla yeye hajazaliwa. Amekulia pale. Mama alikuwa akisaga unga kwa baba yake. Alikuja mara moja, akazunguka, akasimama kwenye upande wa chini wa kiwanja akasema hapo anaona vyumba vinane vya kupangisha. Jioni akanipigia.

"Dada, hiyo saba iko juu. Nifanyie vizuri."

Nikavuta pumzi kama mtu anayeumia. Nikamwambia kwa sababu ni wewe, kwa sababu wazee wetu walijuana, nitaongea na mama. Sikuongea na mama. Nilisubiri dakika tano nikiwa nahesabu misumari, nikampigia.

"Mama amekubali tatu na laki nne. Lakini usimwambie mtu."

Akashukuru sana. Nami nikajipongeza, nikajinunulia soda. Bei ya mama ilikuwa imepatikana kamili, mnunuzi akidhani ameokoa laki tatu, na kila mtu alikuwa na furaha. Nilifikiri hiyo ndiyo akili.

Shamba huku haliuzwi bila bodi ya ardhi. Bodi hukaa mara moja kwa mwezi, na muuzaji hufika pale na familia yake, waulizwe mmoja mmoja kama wanakubali, ndipo mpate ruhusa. Siku yetu ilipangwa, zikiwa zimebaki siku nne mwezi kuisha. Bodi ingekuwa saa nne asubuhi, halafu kwa wakili mjini kutia sahihi na kulipwa sehemu ya kwanza, halafu mama angetuma pesa Sigor kabla ya jua kuzama. Hapakuwa na siku nyingine.

Nilifika kwa mama saa moja asubuhi. Kulikuwa na ukungu, ule ambao huku kwetu unakaa juu ya majani chai mpaka saa tatu, halafu unaondoka bila kuaga. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani na sweta ya kijani. Vitu vyake vingi vilikuwa vimeshafungwa kwenye magunia. Alikuwa jikoni anachemsha chai.

Saa mbili mnunuzi akafika. Hakuja peke yake, alikuwa na fundi, na fundi alikuwa na karatasi.

Nilipoiona karatasi ile nilijua. Nimeziona za namna hiyo dukani maisha yangu yote.

"Dada," mnunuzi akaniambia pale uani, kwa sauti ya chini, ya heshima kabisa, "kuna maneno kidogo. Jana jioni nilipita na fundi tukaangalia kwa nje. Sasa hii nyumba iko na mambo. Mabati imepigwa. Ukuta wa dirisha iko na ufa. Hiyo nguzo ya nje ya jikoni ni mchwa. Na tangi inavuja. Mimi sikatai kununua, lakini tufanye milioni tatu na laki moja, twende bodi tumalize."

Laki tatu. Siku ya bodi, saa mbili kabla, mama amefunga magunia.

Nilianza na kimya, kwa sababu kimya ndicho silaha yangu ya kwanza. Nilimwangalia tu. Naye akaniangalia, hana haraka, akapangusa umande kwenye kiatu. Nikaenda kwenye silaha ya pili, nikamwambia kuna mtu wa Soin alipiga simu juzi tu, ana pesa mkononi, anataka hata leo.

Akatabasamu. "Huyo wa Soin atakuja bodi saa ngapi?"

Silaha ya tatu ni kukasirika, nayo sikuhitaji kuitafuta. Nilimwambia mambo mengi. Nilimwambia kama hana pesa aseme, asijifiche nyuma ya mchwa. Nilimwambia baba yake alikuwa mtu wa kuaminika. Fundi akaanza kutazama mbali, kuelekea kwenye mikaratusi ya jirani, kama mtu aliyeona ndege muhimu sana.

Mnunuzi hakukasirika. Aliposema neno lake lililofuata, alilisema polepole, na ninamwonea haya mpaka leo kwa sababu alikuwa na haki kabisa.

"Dada, wewe ulinitolea laki tatu kwa simu kwa dakika tano. Hata chai haikuwa imeiva. Sasa mimi nitajuaje bei imefika mwisho? Mtu akitoa laki tatu haraka hivyo, si kuna ingine nyuma?"

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni ameshika birika.

Hakuuliza nini kinaendelea. Alikuwa amesikia. Aliniuliza jambo moja tu, tena kwa Kiswahili, ili mgeni naye asikie.

"Ulimwambia ngapi?"

"Tatu na laki saba, mama."

Nilitamani ardhi ya robo ekari ile ipasuke inimeze, na iuzwe nikiwa ndani. Mimi ndiye niliyemfundisha yule mtu kwamba bei yetu ina maji. Mama alikuwa ameipima kwa wiki mbili, ikawa bei safi, halafu mimi nikaichanganya kwa ujanja wa dukani, na sasa hakuna aliyeweza kuiamini. Na kama ingepotea, kingekwenda nayo kile kipande cha Sigor.

Mama aliweka birika juu ya jiwe. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Kijana yangu," akamwambia mnunuzi, "leta hiyo karatasi. Mwambie fundi wako akuje. Tutembee."

"Kogo, usijisumbue," akasema mnunuzi. Anamwita bibi kwa lugha yetu, kama watoto wote waliokulia pale. "Ni maneno ya kawaida tu."

"Tutembee."

Wakaanza mbele ya nyumba, nami nyuma kama mtu aliyealikwa kwa makosa. Mama aliinua kidole kwenye paa.

"Mabati. Ni mvua ya mawe ya mwaka ule iliangusha majani yote. Hii upande imepigwa sana kuliko hiyo umeandika. Fundi, panda uone. Kuna tano za kubadilisha, si tatu. Hizo tano nilitoa kwa bei kabla niseme bei."

Fundi alipanda kweli. Akashuka, akasema ni tano.

"Ufa," mama akaendelea, akiwa ameshafika dirishani. "Ilianza malori ya mawe yalipoanza kupita hapa. Haiendi mpaka chini. Nilitoa. Nguzo ya jikoni, ni kweli, ni mchwa, lakini umeona moja. Ziko mbili. Ya pili iko nyuma ya kabati, njoo nikuonyeshe. Nilitoa zote."

Mnunuzi alikuwa anasoma karatasi yake na kugundua kwamba ilikuwa fupi mno. Mama alimwonyesha tangi linapovujia, kisha mlango wa chumba cha kati usiofungwa miezi ya mvua. Alimwonyesha mahali ambapo sakafu ya chumba chake imelala upande, akachukua limau kutoka kwenye bakuli akaliweka chini, nalo likajiviringisha taratibu mpaka ukutani. Alimwonyesha waya wa umeme ambao baba aliuvuta mwenyewe na ambao haufai kuguswa. Kila penye ubaya alisimama, akausema wote bila kuupunguza wala kuutia chumvi, halafu akasema nilitoa, na alipoulizwa ni kiasi gani, alikitaja bila kufikiri.

Mimi nimeuza bati, nondo na rangi kwa miaka kumi na tisa. Kila kiasi alichotaja kilikuwa sawa. Nililelewa ndani ya nyumba ile, nikaota meno ndani yake, na nusu ya mambo yale sikuyajua. Nilimtazama mama yangu akitembea na kandambili zake kwenye sakafu yake, na nikahisi kitu ambacho mara nyingi nakihisi kanisani wakati wimbo unapoanza bila mtu kuuanzisha. Nilistaajabu. Nilimwogopa kidogo pia. Ile meza ya majani ilikuwa pale, na alikuwa ameimwaga nyumba yote juu yake.

Tulipotoka nje, mnunuzi alikuwa ameshakunja karatasi. Nilimwona usoni: alikuwa ameshaelewa kwamba bei imefika mwisho. Moyo wangu ukatulia. Nikaangalia saa. Tulikuwa na wakati.

Ndipo mama akaanza kushuka kuelekea upande wa chini wa kiwanja.

Nilikumbuka nikiwa nimesimama. Nilikuwa na miaka sita au saba. Choo cha kwanza cha nyumba ile, kabla baba hajajenga hiki cha sasa, kilikuwa kule chini. Shimo refu sana. Kilipojaa, baba alikivunja, akafunika kwa magogo na udongo, nyasi zikaota, na miaka zaidi ya arobaini ikapita. Magogo yale yalikuwa yameshaoza. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua, isipokuwa mama na mimi.

Nikakohoa. Mama aliendelea. Nikakohoa tena kwa nguvu zaidi.

"Kama uko na kikohozi, kunywa chai," akasema bila kugeuka.

Alisimama pale pale mnunuzi aliposimama siku ya kwanza na kusema anaona vyumba vinane. Akapiga ardhi kwa kisigino mara mbili.

"Hii hamjaandika, na hamngeona. Hapa chini kuna shimo la choo ya zamani. Refu kuliko watu watatu. Usijenge juu yake hivi hivi. Utalaza watoto wa watu hapo."

Fundi alirudi nyuma hatua mbili, akatazama miguu yake. Mnunuzi alivua kofia. Niliona akihesabu vyumba vyake vinane, kisha saba, kisha sijui vingapi. Nilijua kwamba anaweza kuondoka sasa hivi, na hakuna ambaye angemlaumu. Niliona shamba la Sigor likienda kwa yule mtu mwenye pesa tayari. Na ninaandika ukweli: mimi ningenyamaza. Ningekwenda bodi nikiwa nimenyamaza, na kwa wakili nikiwa nimenyamaza, na ningejiambia kwamba hakuuliza.

"Kogo," mnunuzi akasema mwishowe, "hii ungeacha tu. Nani angejua?"

"Mimi."

Halafu mama akanigeukia. "Hii sikutoa. Nilipanga bei na fundi wangu nikasahau huku, nimekumbuka jana nikichuna mboga. Wewe ndio mtu wa hardware. Sema kulifukua na kulijaza mawe na kuweka zege juu ni ngapi."

Wote watatu wakanitazama. Ningeweza kusema elfu hamsini, na fundi angebisha kidogo, tungekubaliana sabini. Ulimi wangu ulikuwa umeshazoea njia hiyo. Lakini mama alikuwa amesimama pale kandambili zake zikiwa na umande, ameniachia bei ya maisha yake mkononi saa moja tu baada ya kujua nilivyoichezea. Sijui kama mimi ningemwamini mtu kiasi hicho.

"Laki moja na ishirini," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Kama mawe ni ya hapa karibu."

Mama akamtazama fundi wa mnunuzi. Fundi akatikisa kichwa kukubali. "Hiyo ni bei ya ukweli."

"Basi itolewe," mama akasema. "Zile zingine zilishatoka. Tukunywe chai, bodi haitungojei."

Mnunuzi ni mtu wa biashara na alibaki mtu wa biashara. Laki moja na ishirini aliichukua, hakuikataa kwa adabu kama watu wa kwenye hadithi. Lakini zile laki tatu zake hakuzitaja tena, si siku hiyo wala baadaye. Alikunywa chai vikombe viwili. Alipotaka kuondoka alimshika mama mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyoshikwa mtu mkubwa, akasema, "Kongoi, kogo," yaani asante, bibi, kisha akavaa kofia yake.

Kwenye bodi karani alikata bei ya zamani kwenye fomu kwa kalamu, akaandika mpya, nasi tukaweka sahihi kando. Mzee mmoja wa bodi akashangaa. Akasema kwa miaka mingi ameona bei ikikatwa pale, lakini kila mara muuzaji huwa amenuna. Akauliza ni nani aliyeomba ipunguzwe.

"Ni mimi," mama akajibu.

Wakatazamana. Wakamwuliza tena, wakidhani hakusikia swali. Kisha wakasoma barua za idhini za ndugu zangu, wakaniuliza mimi kama mtoto wake, je, ninakubali bei hiyo? Nilikubali. Nilikuwa nimeulizwa maswali mengi ya bei maishani, na sikumbuki jingine nililolijibu nikiwa karibu kulia.

Pesa zilifika Sigor jioni hiyo, na jirani akatimiza ahadi.

Nyumba ya mama ya Sigor ilijengwa kwa mbao na mabati mapya. Ramani ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala: chake, cha dada yake, na kimoja ambacho mama alikiita changu, cha nikienda kuwatembelea. Nilipofika mara ya kwanza niliihesabu milango. Ilikuwa miwili. Mama alisema pesa zilipungua kidogo, basi wakaacha kimoja. Hakusema ni kwa nini zilipungua, na mimi sikuuliza, kwa kuwa ni mimi niliyeitaja ile laki moja na ishirini. Nilimwambia nitakijenga, simenti ninayo, mbao ninazo, fundi ninaye, wiki moja tu. Akasema hakuna haja. Nikasisitiza kwa sauti yangu ya dukani. Akaniachia nimalize, halafu akatandika kitanda chake mashuka safi akaniambia nilale hapo, na yeye akachukua mto wake akaenda kulala na dada yake.

Asubuhi niliamka nikawapelekea chai. Jua lilikuwa limeingia kwa dirisha la chumba kile moja kwa moja. Walikuwa wameketi kitandani bega kwa bega, wanawake wawili wazee chini ya blanketi moja. Mama mkubwa alikuwa ameshika uso wa mama kwa viganja viwili, ameusogeza mpaka ukakaribia kugusana na wake, anautazama, sehemu moja kisha nyingine, bila haraka.

"Umezeeka," akamwambia.

"Sana," mama akajibu, na akakaa vile vile bila kutikisika, ili aendelee kuangalia.

Nilisimama mlangoni nikiwa na vikombe mpaka chai ikapoa.